Madam Jepkemei na Droo za Akili

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, Bi. Jepkemei Kipngeno anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Anaondoka miaka mitatu kabla ya wakati wake, na kusema kweli hakuna hapa ofisini aliye tayari kumwachilia. Dawati langu limepakana na lake miaka kumi na saba, kwa hivyo msitarajie niandike kama mtu baki.

Alikuja kituo chetu cha utafiti wa akili hapa Nakuru mwaka 1996, karani wa kunakili matokeo. Shida aliiona mapema kuliko wenye digrii zao. Mtafiti mmoja akiandika "kumbukumbu", alimaanisha kutambua sura za watu. Mwingine alimaanisha kushika nambari ya simu kichwani mpaka uipige. Ukiyaweka matokeo yao pamoja, unapata githeri, mahindi na maharage chungu kimoja. Akaomba ruhusa atengeneze orodha moja ambamo kila shughuli ya akili ina droo yake, yaani jina lake, maana yake na jaribio la kuipima. Akarudi shule jioni, akapata digrii yake mwenyewe, na leo vituo kumi na vinne vya eneo hili vinaitumia orodha hiyo.

Sisi tulioijenga naye tunazijua Alhamisi zake. Maelezo ya mgonjwa huandikwa kwenye kadi isiyo na jina, kila mmoja wetu huandika kwa siri kadi iingie droo gani, kisha tunabishana. Na tulibishana, jamani! Neno "umakini" peke yake lilikula Alhamisi tatu. Naftaly, mtu wetu wa takwimu, aliondoka kwa hasira akasahau koti, Madam akamfuata nalo mpaka getini huku bado anabishana.

Kuna fundi wa kiwanda cha mbao Elburgon aliyeandikwa msahaulifu kwa miaka minne. Madam aliuliza kama kuna aliyempima masikio. Hakuna! Misumeno ilikuwa imemharibia masikio. Maagizo hakuyasahau, hakuyasikia kamwe. Tangu siku hiyo, orodha yetu hairuhusu mtu kuitwa msahaulifu kabla ya kuhakikisha kwamba jambo lilimfikia. Mzee yule hutuletea viazi kila Desemba.

Februari mwaka huu, Madam alileta kadi ya mwanamke wa miaka hamsini na saba. Masikio mazima, umakini mzuri, lakini mazungumzo ya asubuhi hayamkai hadi mchana, na Jumapili mbili alipotea njia akitoka kanisani. Tuliandika. Wote watano tulichagua droo moja: kumbukumbu mpya hazishiki, na hali inazidi. Kukubaliana hivyo hakujawahi kutokea. Tulipiga makofi, Naftaly akatangaza kwamba orodha sasa imekomaa. Madam alingoja tumalize, kisha akatuambia kwamba kadi ni yake.

Makofi yale yananiuma mpaka leo. Alitueleza kwamba angetaja jina tungeanza kumtetea, na yeye alihitaji jibu la kweli. Madaktari walithibitisha mwezi wa Aprili. Tangu hapo amekuwa akimkabidhi kazi Jebet, mwenzetu atakayeshika nafasi yake, droo baada ya droo. Huuliza swali lilelile mara mbili, na Jebet hujibu mara mbili bila kukunja uso. Mimi hutoka nje kwanza, ndipo nirudi kumjibu.

Madam, asante kwa kutufundisha kuuliza kabla ya kumpa mtu jina. Unarudi Subukia kwa dada yako Cate na ng'ombe wenu wanne, na tunakuombea siku tulivu na watu wapole. Tutakuja kukuona. Ukituuliza sisi ni nani, tutakutajia majina yetu, na ukiuliza tena kabla chai haijapoa, tutakutajia tena.