Idhini ya Kabati la Ghorofa ya Pili

Benchi lile liko mkabala na lango la hospitali, kando ya mashine ya kahawa inayotema kikombe ukiitumbukizia sarafu. Saa saba za mchana ungewakuta Gancho, dereva mstaafu wa mabasi ya umeme, waliyembandika jina la Wakili kwa sababu hakuna kesi asiyokuwa na hukumu yake. Na Profesa, mlinzi wa maegesho, ambaye hajawahi kumaliza gazeti ila anayajua yote yaliyomo. Wa tatu alikuwa Ventsislav wa kompyuta. Huyo walimwita Bwana Hakika, maana siku ya kwanza alipoulizwa kazi yake alijibu kwamba anathibitisha kwa hesabu kuwa programu haiwezi kukosea. Wa nne alikuwa Bi Radka, muuza mbegu za alizeti. Sasa Bi Radka alikuwa picha kwenye karatasi ya tanzia iliyobandikwa kwenye mti nyuma yao, na siku hiyo ilikuwa arobaini yake. Asubuhi binti yake alipita akigawa ngano ya kuchemsha yenye sukari, sadaka ya kumkumbuka marehemu, katika vikombe vya plastiki. Wakili na Profesa walishakula. Cha Ventsislav kilikuwa bado mkononi.

— Saa nane wanamfukuza kazi yule muuguzi, Sista Nevyana, alisema Wakili. Na ni haki yao. Kadi yako imekataa, basi, imekataa. Hubebi mtungi wa kuzimia moto ukapasua kabati la dawa.

— Wewe ungefanyaje? aliuliza Profesa. Radka yuko kitandani, damu imemganda kifuani, daktari ameshaandika sindano, kompyuta inasema ngoja idhini. Dakika ishirini na mbili, Wakili. Ungekaa unakunywa kahawa?

— Ningepiga simu.

— Walipiga. Waliambiwa wangoje idhini.

— Daktari si angeidhinisha mwenyewe?

— Mtu mmoja haagizi dawa na kuiidhinisha. Ndiyo sheria. Muulize Bwana Hakika.

Ventsislav alitikisa kikombe chake, ngano ikajipanga upya. Sheria ile aliiandika yeye. Aliandika tatu. Asiye na cheo hafungui kabati. Aliyeagiza dawa haiidhinishi. Na kila mwenye cheo cha kuidhinisha awe mfamasia aliyesajiliwa. Kisha akaipa mashine ya hesabu ipekue kila njia ambayo mtu angeweza kupita, na mashine ikajibu kwamba hakuna njia inayovunja hata moja.

— Mimi nawaambia, hilo kabati linafungwa kutoka mji mkuu, Sofia, alisema Profesa. Kuna mtu pale anabonyeza. Dawa ya bei kali, mgonjwa wa mkoani, anabonyeza.

— Sofia wana kazi zao, bwana. Shida ni huyo sista. Kabati linaweka kumbukumbu ya nani anagusa sana. Aligusa mno, likamchoka.

— Kabati likamchoka mtu?

— Mke wangu ana mashine ya kufulia inamkataa yeye peke yake. Mimi nikibonyeza, inazunguka.

— Inakuonea huruma, mara moja kwa mwaka. Sikiliza wewe, kabati lile linasoma umri. Ukishavuka sabini linakupima kwanza kama unafaa kupona.

— Radka alikuwa na sitini na nane.

— Basi lilikadiria.

Walicheka, kisha wakaiona ile picha mtini. Wakili akajifuta mdomo.

— Hakika, mbona leo kimya? Kompyuta ilikosea au haikukosea?

— Haikukosea, alisema Ventsislav. Ilifanya kama ilivyoandikiwa.

Maneno hayohayo alikuwa ameyaandika kwenye barua aliyoipeleka saa tatu asubuhi kwa kamati ya hospitali inayomhukumu sista, akatia sahihi. Yalikuwa kweli, neno kwa neno. Wiki sita hivi zilizopita, siku ya Ijumaa, mfamasia Penka, aliyekuwa peke yake kwenye orodha ya wenye idhini, alistaafu, jina lake likafutwa. Jumatatu Ventsislav akaipekua tena programu kama anavyotakiwa kila orodha inapobadilika. Sheria ya tatu ilipita kwa sekunde nne, upesi kuliko siku zote. Alifanya ishara ya msalaba na kumshukuru Mungu, akaenda kula mlo wa mchana. Hakujiuliza upesi ule ulitoka wapi. Orodha ilikuwa tupu. Penye watu sifuri hakuna asiye mfamasia, basi kwa hesabu kila mmoja wao ni mfamasia aliyesajiliwa, na mashine haioni ajabu. Sheria ya nne, kwamba kila saa awepo walau mtu mmoja mwenye idhini, hakuiandika. Aliwaza wezi tu. Mgonjwa hakumwaza. Jumanne Bi Radka akalazwa.

Jambo hilo alimwungamia padri Jumamosi iliyopita. Padri alimuuliza kama amemwambia na sista. Alijibu bado.

Mwanamke aliyevaa koti la kijivu alivuka barabara akasimama mbele ya mashine ya kahawa. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu la mishono kwenye kiganja. Wakili akasogea kumpisha nafasi, macho chini.

— Karibu, Sista Nevyana, alisema Profesa. Tulikuwa tunakuombea.

— Nimewasikia mkiniombea tangu ng'ambo ya barabara. Hapa si ndipo wanapokaa wanaojua? Nipeni jina moja. Siku ile, saa ile, nani aliruhusiwa kulifungua? Nikawaambie kamati kwamba ningemngoja huyo.

Wakili aliitazama mashine.

— Daktari mkuu, alikisia.

— Alijaribu kadi yake. Ilikataa.

Ventsislav aliweka kikombe cha ngano juu ya benchi, mahali pa Bi Radka.

— Hakuwepo yeyote, sista. Orodha ilikuwa haina mtu. Mimi ndiye niliyeipitisha.

Sista alimgeukia. Hakupaza sauti.

— Na kamati inalijua hilo?

— Niliwaandikia kwamba programu haikukosea.

— Dakika ishirini na mbili nilikuwa nimemshika mkono, alisema. Alikuwa ananiuliza kama wameshafungua.

Akatazama saa, akaiacha kahawa ndani ya mashine, akaenda langoni. Mlango ule hufunguliwa kwa kadi, na kadi yake ilikuwa haijafutwa bado. Aliufungua, akapita, akauzuia kwa mguu usijifunge. Hakugeuka kuangalia kama kuna anayekuja. Ventsislav aliinuka.

— Utapoteza kazi, Hakika, alisema Wakili.

Alikuwa ameshafika katikati ya barabara.