Sufuria ya Marhamu na Chumba cha Nyuma

Sogeeni karibu wanangu, na wewe mkamwana ingia ndani, acha kusimama mlangoni kama mgeni, maana pumzi iliyobaki inatosha kusema mara moja tu.

Nyumba ya mbele ni yenu wawili, kaka na dada. Gawaneni vyumba bila kununiana. Najua si hilo linalowakosesha usingizi. Mnakitaka chumba cha nyuma, chenye jiko na vikopo, kwa sababu marhamu ndiyo iliyowasomesha, na kila mmoja ameshanivuta pembeni kuniuliza nitamwachia nani.

Sikilizeni kwanza kazi yenyewe. Nta ya nyuki na mafuta ya alizeti huyeyushwa sufuria ndani ya sufuria, juu ya maji yanayochemka, na vikopo vichemshwe vikauke kabisa. Mafundi wa saruji na wafua nguo waambieni wapake mara tu wakitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, maana marhamu haileti maji, inayazuia yasitoke. Mkwaruzo mdogo uoshwe kwa maji safi na sabuni, upakwe kidogo, ufunikwe kwa kitambaa safi. Kidonda kilichochimba, au chenye usaha, msikiuzie marhamu. Mwambieni mwenyewe aende hospitali, hata kama pesa anayo mkononi. Wewe wa kwanza, unayetaka kuandika kwenye kifuniko "Dawa ya vidonda vyote", thubutu uone, nitakuja kukuvuta sikio kutoka hukohuko niendako.

Fundi viatu wa mkabala alikuja na kidonda cha mguu, naye ana kisukari, nikakataa kumuuzia. Alinitukana mbele ya wateja, akaenda hospitali kwa hasira, na mpaka leo hanisalimii. Mguu anao, na anautumia kupita mlangoni kwangu akiangalia upande wa pili. Msimdai salamu.

Sasa, huu mgongo wangu. Kiliponitoka hiki kidonda cha kulala, wewe wa kwanza ulinipaka marhamu, dada yako akaja akapaka juu yake, na upendo niliusikia mikononi mwenu, siwezi kuwalaumu. Nilinyamaza makusudi nione. Mkamwana ndiye aliyeifuta yote, akaniangalia, akasema, "Mama, hapa marhamu imefika mwisho, namwita daktari." Huyu mjane wa ndugu yenu, ambaye tangu tumzike mumewe mnamuuliza kwa adabu atarudi lini kwao.

Kwao ni hapa. Chumba cha nyuma ni chake, na sufuria, na wateja, na asiwepo wa kumsogezea mzigo wake nje, kwa sababu alikuja kama mke wa mwanangu, akabaki kuwa mwanangu. Atakayemtoa, amenitoa mimi.

Mkishanizika msikifunge chumba muda mrefu, watu mikono inawapasuka... wasisubiri msiba wetu uishe. Mungu awape afya, awape subira ninyi kwa ninyi, na watoto wenu wawatunze kama... kama mlivyonitunza. Nawapenda. Sikuwa msemaji wa hayo, lakini nawapenda.

Binti yangu, futa machozi, umshike wifi yako mkono. Mshike, nione. Na wewe wa kwanza... huo mwingine. Usiniangalie mimi, mwangalie yeye.

Haya... Hivyo hivyo. Msiachie.