Mungu Aliponivua Masweta Matatu

Bwana Yesu asifiwe! Asifiwe tena, maana hiyo ya kwanza wameitikia wanakwaya peke yao. Kamwene, wapendwa. Jina langu ni Yustina, ingawa wengi wenu mnaniita Mama Fundi, na mlioshonewa na mimi mnaujua mdomo wangu. Leo nimeomba nafasi niseme kitu ambacho Mungu amekifanya, na nitakisema huku natetemeka, kwa sababu mimi mwenyewe bado sijakizoea.

Ndugu zangu, wa zamani mnakumbuka nilivyokuwa. Nilikuwa mnene! Nikiingia kwenye gari watu wanasogea bila kuombwa. Hapa kwetu Njombe mtu akitaka kukusifu hasemi una akili, anasema umenawiri, na mimi nilinawiri kwelikweli. Nikipita sokoni wananiambia, "Mama Fundi, kwako kuna raha," nami nacheka na kunyoosha kitenge. Mume wangu alipofariki kwa ajali ya barabarani, mwili ule ndio ulionitetea. Mjane mnene hakuna anayemuuliza kama mumewe alimwachia ugonjwa.

Na nilikuwa na daftari la vipimo. Kifua, kiuno, nyonga. Karibu kila mwanamke wa usharika huu yumo. Watu walikuwa wanakuja kwangu wakijifanya wameleta pindo limefumuka, kumbe wanatafuta habari za mwili wa mtu. Mimi sikusema fulani anaumwa. Hata siku moja! Nilikuwa mjanja. Nilisema tu, "Gauni la fulani nimelibana mara mbili mwaka huu," halafu narudi kwenye cherehani yangu. Sentensi hiyo ilitosha, kwa sababu hapa kwetu mtu akikonda tunajua sote tunawaza nini.

Hivyo ndivyo nilivyomfanyia Rehema. Alikuwa binti anayeimba sauti ya kwanza katika kwaya yetu, amechumbiwa, mzuri wa tabia. Sare ikaanza kumpwaya, akaniletea niibane. Baada ya miezi michache akaileta tena. Nikaisema sentensi yangu kwa wanawake wawili tu. Posa ikavunjika. Kwenye mazoezi wakawa wanaacha nafasi kati yao na yeye, mpaka siku moja hakuja, tukasikia amehamia Makambako. Na mimi, ndugu zangu, nilisimama hapa hapa nikaomba Mungu amtangulie katika safari yake! Sikuona aibu hata chembe.

Miaka ikapita. Kisha nikaanza kukonda mimi.

Ilianza na kiu. Jagi la maji namaliza kabla ya saa nne asubuhi, naenda chooni mpaka wateja wanatazamana. Miguu mizito, macho yana ukungu, uzi hauingii kwenye sindano. Sketi zikawa zinateremka. Siku moja nilifunga mlango wa chumba cha kushonea nikajipima kwa futi yangu mwenyewe, na nilichokiona sikukiandika popote.

Mwenye akili angekwenda hospitali. Lakini hospitali niliyotakiwa kwenda ina veranda inayotazama barabara, na kwenye veranda kuna benchi moja refu. Wagonjwa wa sukari na presha wanakaa hapo. Wanaosubiri dawa za virusi nao wanakaa hapo hapo, milango imepakana. Anayepita barabarani hawezi kujua nani anasubiri mlango upi, kwa hiyo anaamua mwenyewe. Nilijua anavyoamua, maana nimepita pale mara nyingi nikiamua.

Basi nikajishonea unene. Msicheke! Au chekeni, nimeshakubali. Nilinunua kipande cha sponji ya godoro, nikakikata kwa kipimo changu cha zamani, nikakishonea ndani ya gagulo, nyonga zikarudi. Juu yake magagulo mengine mawili. Kifuani masweta matatu. Kwa baridi yetu ya mwezi wa sita, nani atamshangaa mtu mwenye masweta? Na mimi ni fundi mzuri. Mzee mmoja wa kanisa alinipa mkono pale mlangoni akasema, "Mama Fundi, unazidi kunawiri," nami nikaitikia Bwana asifiwe. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya godoro, ndugu zangu!

Tena nikawa nakula kwa bidii ili mwili wa kweli urudi. Soda asubuhi, soda mchana, uji wa sukari nyingi. Kadiri ninavyokunywa ndivyo ninavyokwisha. Niliona Mungu amenisahau, kumbe mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiulisha ugonjwa.

Mwezi wa kumi nilikwenda Makambako kununua kitambaa cha sare mpya za kwaya. Kuna mzee mmoja Mwislamu mwenye duka la vitambaa, nimenunua kwake miaka mingi, tunamwita Baba Zuhura. Ilikuwa siku ya soko, jua limewaka, duka limejaa majora hadi darini. Jasho likawa linanimwagika. Baba Zuhura akanitazama akasema, "Mama, vua hata sweta moja, hapa si Njombe." Nikamjibu, "Nina homa, mzee wangu." Hayo ndiyo maneno ya mwisho ninayoyakumbuka. Nilianguka juu ya majora yake.

Nilipofumbua macho nilikuwa kitandani hospitalini, dripu mkononi. Nikajigusa nyonga, nikakuta mfupa. Nikageuza kichwa. Pembeni palikuwa na kiti, na juu ya kiti masweta yangu matatu yamekunjwa vizuri, magagulo yamekunjwa, na juu kabisa kile kipande cha sponji nilichokikata kwa mikono yangu. Aliyekuwa amevikunja alisimama dirishani. Alikuwa mwanamke mnene, shavu limejaa, uso unang'aa. Nilipomtambua nilidhani nimekufa na hukumu imeanza.

Alikuwa Rehema.

Kumbe anauza chai na chapati mkabala na duka lile. Baba Zuhura alipopiga kelele ndiye aliyekuja mbio. Mzee wa watu alifunga duka mchana wa soko, akatoa gari lake, na Rehema alinishika kichwa njia nzima. Hospitalini wakawaambia sukari imepanda mpaka mashine imeshindwa kuonyesha namba.

Sasa sikilizeni neno la kwanza nililomwambia mtu aliyeniokoa. Sikusema asante. Nilisema, "Rehema, usimwambie mtu. Mimi sina ule ugonjwa. Muulize daktari, sina."

Akakisogelea kile kiti. Akasema, "Najua huna, Mama Fundi. Wewe ni sukari, nimeshaambiwa. Ule ninao mimi. Namshukuru Mungu nameza dawa zangu, na kama unavyoniona, nipo." Kisha akaigusa ile sponji kwa kidole. "Kumbe ulishona vyote hivi ili usifanane na mimi."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenipiga kofi. Nililia mpaka muuguzi akaja kuangalia dripu. Katika Makambako yote, na watu wote wanaopita pale njia panda, Mungu aliona anifaaye ni huyu! Mimi niliyeyasoma magonjwa ya watu kwenye mishono, mwili wangu ulifunuliwa mshono kwa mshono mbele ya yule niliyemwangamiza. Nilimwogopa Mungu siku ile, wapendwa. Nilimwogopa kama mtoto anayemwogopa baba aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, anaona.

Nikamweleza Rehema ile sentensi yangu na wale wanawake wawili. Akasema, "Nilijua. Makambako si mbali hivyo." Nikamwomba msamaha. Akasema, "Nilishakusamehe, kwa sababu ilibidi niendelee kuishi. Ila usinitake nilie na wewe leo, nimeacha maji jikoni." Akaondoka. Jioni akarudi na uji usio na sukari.

Daktari aliniambia nitaishi nikifuata dawa, na kwamba kila mwezi lazima nihudhurie kliniki Njombe, Jumanne ya kwanza. Nikajua ni benchi gani. Nikamwambia Rehema sitaweza, heri nife. Akaniuliza swali moja tu, kama gari la kwanza kutoka Makambako litamfikisha Njombe kabla kliniki haijafunguliwa.

Na kweli alikuja. Jumanne ile ilikuwa na ukungu na manyunyu. Nilikwenda na sweta moja tu, na mwili wangu huu huu mnaouona. Tukakaa kwenye benchi bega kwa bega. Haikupita nusu saa akapita mwanamke tunayefahamiana naye sokoni. Akasimama. "He! Mama Fundi, ni wewe? Umekwisha hivyo! Kwani na wewe…?" Akatazama mlango wa kwanza, akatazama wa pili, akangoja.

Ndugu zangu, neno nilikuwa nalo ulimini. Sukari. Neno dogo, tena la kweli. Lakini nilijua nilivyotaka kulisema. Nilitaka kulisema ili yule dada aondoke akijua mimi ni msafi na huyu wa pembeni yangu siye. Bega la Rehema lilikuwa limegusa bega langu, nikahisi limekauka kama ubao. Alikuwa ananisubiri naye.

Nikasema, "Naumwa, dada yangu. Natumia dawa, nasubiri zamu yangu. Nyumbani hawajambo?"

Akajibu hawajambo, akaenda zake. Rehema alifungua chupa ya chai akanimiminia. Na hofu iliyonikaa miaka yote hiyo, tangu mume wangu azikwe, ikatoka. Haikutoka kwa kishindo. Nilishtukia tu haipo! Nikazitazama nyuso za benchi lile lote, wazee, vijana, wanene, wembamba, nikajaribu kujua nani ni wa mlango upi, nikashindwa. Mimi, mwenye jicho la fundi! Nikasisimka mwili mzima. Nikawaza, labda hivi ndivyo Mungu anavyotutazama siku zote.

Leo sijanenepa, na daktari amefurahi sijanenepa. Maneno mtaani yapo, nayasikia. Hapa nimesema ni sukari kwa sababu nimesimama mbele za Mungu na ushuhuda lazima uwe kweli. Nje ya hapa akiniuliza mtu kwa jicho lile, sijitetei tena. Wakidhani ninao ule wa Rehema, nimepungukiwa nini? Nimefananishwa na mtu bora kuliko mimi.

Jina lake nimelitaja kwa ruhusa yake. Yuko pale nyuma, amekaa karibu na dirisha. Aliniambia, "Taja, ila usinifanye malaika." Basi si malaika, ana maneno makali na anazidisha tangawizi kwenye chai. Lakini Mungu alimtuma.

Namshukuru Mungu kwa uhai. Namshukuru kwa Baba Zuhura, ambaye hatusali pamoja na hakuniuliza nasali wapi. Na wewe mpendwa uliye humu, unayejua mwili wako unakwisha na umeamua kunyamaza kwa sababu ya macho ya watu, macho yangu yakiwa ya kwanza, nisamehe, halafu mtumaini Mungu. Jumanne ya kwanza ya mwezi nitakuwa pale kwenye veranda kuanzia saa mbili asubuhi, na Rehema amesema atapanda gari la kwanza. Njoo ukae katikati yetu. Wapitao barabarani watatutazama sote watatu, na hawatajua nani ni wa mlango upi.