Jepchumba Hakuwa Rubani

Wapendwa mliofika, kabla hatujaendelea, wenye karatasi za ratiba tunawaomba mfute neno rubani kwenye ukurasa wa kwanza, kwa sababu marehemu hakuwa rubani, na aliyeagiza liandikwe ni babake mwenyewe, Mzee Kipyego, ambaye asubuhi ya leo ndiye aliyesema lifutwe.

Vivian Jepchumba alizaliwa tarehe 9 Aprili 1987 hapa Kapseret, mtoto wa tatu wa Mzee Kipyego na marehemu Mama Leah, akasoma shule ya msingi papa hapa, kisha sekondari ya bweni hadi 2005, na mwaka wa 2006 akaingia chuo kikuu Chepkoilel kusomea fizikia, ambako baadaye alibaki kufundisha na kufanya utafiti.

Kazi yake, jamani, ndiyo imetusumbua wiki nzima. Alikuwa akichora ndege kwenye kompyuta, anachora na ukuta wa zege, kisha anaigongesha ndege hiyo ukutani hata mara mia, ili ajue zege litapasukia wapi kabla watu hawajajenga. Mzee alipoelezwa mwaka wa 2018 alishtuka, akauliza ni mzazi gani atasimama kanisani aseme binti yake kazi yake ni kugongesha ndege, na boma lenyewe liko hapa karibu na uwanja wa ndege. Basi watu wa kanisani walipomuuliza Mzee binti yake anafanya kazi gani, akasema ni rubani. Tangu hapo akina mama wa Kapseret wakawa wanapungia mkono kila ndege inayopaa, na Jepchumba akija nyumbani wakimuuliza kama aliwaona, alisema aliwaona, ili asimwaibishe baba. Mzee peke yake hakuwahi kupunga.

Aliolewa na Gideon Wanyonyi tarehe 13 Desemba 2014, wakajaliwa binti mmoja, Priscah.

Agosti 2024 alipatikana na saratani ya damu, akatuacha Jumanne, tarehe 11 Machi 2025. Juzi Macharia, mwenzake wa kazini, alimwonyesha Mzee ile kompyuta. Mzee akatazama ndege ikigonga ukuta mara kumi na moja, akauliza abiria wako wapi, akaambiwa hakuna hata mmoja, akalia. Bado hajaelewa vizuri, na sisi pia hatujaelewa, lakini ameagiza tusome maneno yake haya: "Niliionea aibu kazi ya mtoto wangu. Namwomba msamaha mbele yenu."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotukamulia ng'ombe siku hizi zote, na wenzake wa Chepkoilel. Ndege ya saa nane ikipita tukiwa kaburini, anayetaka kupunga mkono apunge tu. Mzee amesema leo naye atapunga.

Basi lala, Jepchumba, upumzike, baba ameshasema.