Hakukuwa na Pepo Kwenye Boksi la Pampu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana leo sisemi kwa kunong'ona. Niliambiwa ninyamaze, nikanyamaza. Sasa imetosha!

Mimi ni Mama Tumaini, mzaliwa wa hapa hapa Makote. Wengi mnanijua kwa kibanda changu cha redio. Nilisomea ufundi wa elektroniki Dar es Salaam, nikarudi nyumbani miaka ile ya ruksa ya kuingiza bidhaa za nje, redio na televisheni za Dubai zilipoanza kujaa Masasi na kuharibika huko huko. Mume wangu alipofariki, kibanda kile ndicho kilichotulisha mimi na mwanangu.

Shida yetu ya maji mnaijua. Bomba lisipotoa, mwanamke wa huku juu anashuka bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani. Kwa hiyo mradi wa maji ulipofungiwa boksi jipya la kuendesha pampu, tulishangilia. Kwenye tangi la huku juu waliweka sensa, kifaa kinachohisi maji. Tangi likijaa, sensa inapeleka umeme kwa waya mrefu hadi kwenye boksi kule bondeni, pampu inazimika. Maji yakipungua, inawaka yenyewe.

Halikukaa sana, likaungua. Aliyelifunga alikuwa ameshaondoka, kamati ya maji ikaniita mimi, ikanikabidhi na funguo za chumba cha pampu. Nikafungua, nikaona tatizo. Sensa ilikuwa inaleta volti ishirini na nne, na bodi ya ndani, yenye vichipu vidogo, inataka volti tano tu! Nikapunguza ule umeme kwa rizista mbili, nikabadilisha chipu iliyokufa. Maji yakapanda! Akina mama wakapiga vigelegele.

Likaungua tena. Nikatengeneza. Likaungua. Kamati ikajaribu kuiwasha pampu kwa mkono, ikasahaulika ikiwaka, nayo mota ikanusurika kuungua, basi wakapiga marufuku kuiwasha kwa mkono.

Ndugu zangu, hapo ndipo maneno yalipoanza. Eti tangu huyu mwanamke aliguse lile boksi, halina amani. Halafu mumewe alikufa kwa ugonjwa gani, nani anajua? Mimi niliyemzika mume wangu kwa machozi, kifo chake leo kinafanywa ushahidi juu yangu! Na waliosema hivyo wengine wamo humu ndani. Msiiname, siwataji!

Kisha wifi yangu, Mama Sofia, akateleza kwenye mteremko na ndoo ya maji, akavunjika mguu. Akapelekwa hospitali ya Ndanda. Baada ya hapo Baba Anita, mwenyekiti wa kamati na mzee wa kanisa hili, akaja kibandani kwangu.

"Shikamoo, Baba Anita."

"Marahaba, Mama Tumaini. Tumeshauriana. Jumapili upite mbele uombewe. Mikono yako ina pepo, ndiyo maana kila ukigusa panaungua. Ukikataa, tutachukua funguo za pampu."

"Na huyo pepo naye alisomea umeme?"

"Usifanye mzaha."

"Sifanyi mzaha, baba. Niombeeni akili, niombeeni macho ya kuona, nitapiga magoti. Lakini kutolewa pepo nisiye naye, sikubali! Na funguo sitoi."

Nilisema kwa ukali, lakini alipoondoka nilikaa nikaitazama mikono yangu. Uongo ukirudiwa sana, ndugu zangu, unaingia mwilini. Nilianza kuogopa kushika hata redio ya mteja.

Nikaenda Ndanda kumwona wifi. Nililia mbele ya kitanda chake. Akaniuliza, "Na wewe umeshaanza kuwaamini?"

Nikamwambia, "Sijui, wifi."

Akakasirika! "Niliyeanguka ni mimi, na hukunisukuma. Nilichoka tu. Rudi ukatengeneze pampu. Watoto wangu wako kule, wanashuka bondeni na ndoo, na wewe uko hapa unalia!"

Maneno yale yaliniinua kwenye kiti. Niliporudi, nilishuka moja kwa moja hadi kwenye chumba cha pampu, nikaomba kwa sauti kubwa: Ee Mungu, hii akili umenipa wewe, nionyeshe! Siku zote nilikuwa nalipima boksi pampu ikiwa imetulia. Safari hii nikaunganisha mita yangu ya kupimia umeme kwenye waya wa sensa, marufuku ya kamati nikaiweka pembeni, nikaiwasha pampu kwa mkono kidogo tu. Mota ilipoanza, mshale wa mita ukaruka hadi mwisho!

Haleluya! Muuaji wa bodi akawa ameonekana mchana kweupe! Mota ikiwaka inautia ule waya mrefu mshtuko mkali, na rizista zangu, zilizoweza kupunguza umeme wa kawaida, ziliuacha mshtuko ule upite. Dawa ilikuwa kutenganisha kabisa upande wa sensa na upande wa bodi, hata waya wa ardhi zisishirikiane.

Kwenye televisheni mbovu kibandani kwangu nikatoa kidude chenye miguu minne kinachoitwa opto. Upande mmoja kina kitaa kidogo, upande wa pili kijicho kinachokiona kitaa hicho. Katikati hakuna waya. Sensa inawasha kitaa, kijicho kinaiambia bodi, na umeme wenyewe hauvuki! Nikabadilisha chipu iliyoungua, nikapiga lehemu, nikafunga boksi.

Baba Anita na kamati walinikuta pale pale kwenye chumba cha pampu, wamefuata funguo. Nikawaambia, "Kaeni muone." Pampu ikawaka. Tukangoja mpaka tangi likajaa na pampu ikazimika bila mkono wa mtu. Baadaye ikaja mvua ya masika na radi zake, na bodi ile ile ikadumu. Wifi yangu anachechemea, lakini ndoo yake anaijazia bombani. Baba Anita hajaniomba radhi mpaka leo. Maji anakunywa.

Namshukuru Mungu aliyeniokoa na hofu, na namshukuru wifi aliyenikaripia. Nawe unayeambiwa una mkosi, una pepo, una mkono mbaya, usikubali! Mwamini Yeye aliyekuumba na akili yako kichwani. Mwombe, kisha inuka ufungue kitu ukitazame ndani, huku wanaokusema wakikutazama. Hatakuaibisha. Amina!