Siku Mama Ongeza Aliponyamaza

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae. Mwezi huu tumewaaga wengi, na sauti yenyewe imechoka. Leo tunamkumbuka mama aliyetutoka wiki iliyopita, msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali. Watu walimwita Mama Ongeza. Hata wanawe walimwita hivyo.

Kisa chake ni hiki. Hospitali ilikubali kumnunulia mashine mbili za kufulia. Akaomba ya tatu, akapewa. Akaomba ya nne. Wakubwa wakachukia, wakarudi kwenye mbili. Wifi yake anacheka huku anafuta machozi: "Wifi yangu ukimfungulia mlango, haingii tu. Lazima aombe na dirisha."

Ndivyo alivyocheza briji, yeye na mumewe, fundi miwani. Briji ni karata za watu wanne, wawili kwa wawili, mwenzako amekaa mbele yako. Kabla ya kucheza, kila upande unaahidi utachukua mizunguko mingapi kati ya kumi na mitatu. Anayeahidi zaidi ndiye mwenye kuchagua turufu. Ukipanda mno, hufikishi ulichoahidi, unaanguka. Ukinyamaza mno, wapinzani wanakula. Na karata za mwenzako huzioni. Unachojua ni alichosema.

Miaka mingi nyuma, kwenye fainali ya klabu, Mama Ongeza alishaeleza karata zake zote kwa tamko moja. Wapinzani wakapanda. Hapo uamuzi ulikuwa wa mumewe, na mzee alikuwa amewategea, ana karata za kuwaangusha. Mama hakumsubiri. Akaongeza. Wakaanguka yeye na mumewe, kombe likaenda.

"Ukishasema, umesema," mzee alimwambia mbele za watu. "Mengine niachie mimi."

Akatafuta mwenza mwingine wa karata, mwalimu wa hesabu. Mama akacheza na wifi yake. Kila Jumatano mume na mke walitoka nyumbani kwa gari moja, wakaingia ukumbini, wakakaa meza mbalimbali. Miaka ikaenda hivyo. Mzee anasema kilichomchosha zaidi ni safari ya kurudi, maana hakuna aliyemuuliza mwenzake amechezaje.

Kisha mama akaugua figo. Siku moja mzee alimwona anakunja foronya, akapumzika kabla hajaimaliza. Roho ikamuuma.

"Mama, Jumatano tukae pamoja."

"Kwani mwalimu wako kafa?"

"Hajafa. Nimemchoka."

"Haya. Na mimi usinichoke kabla ya chai."

Wakakaa, wakafika fainali. Karata za mwisho zikagawiwa. Mama akaahidi mizunguko tisa, turufu shupaza. Wapinzani wakasema kumi, kopa. Mzee akamuunga mkono mkewe: kumi, shupaza. Wapinzani wakapanda hadi kumi na moja. Zamu ikarudi kwa Mama Ongeza. Meza nzima ikatabasamu. Wifi yake, meza ya pili, akageuka kutazama.

Mama akalaza karata zake kifudifudi. "Napita."

Sasa ilikuwa juu ya mzee. Karata zake hazikuwa mbaya, hazikuwa nzuri. Akamtazama mkewe, naye ametulia, amemwachia. Mzee akaogopa. Akapita.

Wapinzani wakachukua kumi na moja kamili, na kombe. Karata zilipofunuliwa, ikaonekana wazi: mama na mzee wangeongeza, wangeanguka kwa mzunguko mmoja tu. Hasara ndogo, na kombe lingekuwa lao. Kata pua uunge wajihi.

Garini mama akasema, "Mimi ningeongeza."

"Sasa mbona hukuongeza?"

"Si uliniambia nikuachie?"

Hakusema kwa kisirani. Alikuwa amechoka tu. Akafumba macho mpaka nyumbani, na hakukuwa na Jumatano nyingine.

"Nilitaka mwenza anayenisikiliza," mzee alituambia. "Nikampata. Siku ile alikaa mbele yangu, na mke wangu nikawa simwoni."

Kwa mzee wetu, kwa watoto, kwa wifi, na kwa wote wa chumba cha kufulia: poleni sana, tunalia pamoja nanyi. Mama apumzike kwa amani. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mkikaa leo na wenzenu, watazameni vizuri. Kama yule aliyekuwa akikubishia siku hizi anakuachia kila neno, usijisifu haraka kwamba mmeelewana. Muulize kama si wewe uliyemchosha.