Karafuu za Bi Raya

Wewe ukimwona dereva anasinzia, unageukia dirishani. Juzi tulikuwa kwenye Noah ya abiria kutoka Matombo, na dereva Halidi alikuwa amekesha kwenye maulidi. Kichwa kilikuwa kinamdondoka. Bi Raya, muuza viungo, akamtia karafuu mdomoni. "Tafuna, mwanangu, usingizi utakimbia."

Mzee Gabrieli, aliyepakia mikungu yake ya ndizi, akang'aka. "Karafuu ni ya pilau, mama! Asimame alale."

"Na ndizi zako zikiiva njiani, babu?"

"Heri ziive njiani kuliko zipondeke na sisi!"

Gari zima likacheka, hata Halidi, jicho moja amelifumba. Mwaka juzi tulicheka hivyo hivyo, tukaishia korongoni. Goti langu halijasahau.

Tulisimama Mwembesongo, mwisho wa safari, Bi Raya na mzee wakiwa bado wanabishana. Leo hii ukipanda, acha kucheka. Paza sauti: dereva, simama ulale!